Kreti Inanuka, Mabuu Wanatoroka: Namna ya Kutafuta Chanzo

Ukifunua kreti ya kufugia mabuu wa nzi askari mweusi asubuhi ukawakuta wamejipanga kwenye kingo kama abiria wanaosubiri mlango ufunguliwe, na wengine wameshadondoka sakafuni, mkono hukimbilia kumwaga chakula. Usimwage. Kwa mabuu, unachokiona leo mara nyingi kilianza siku mbili tatu nyuma: taka zilizoingia na maji mengi, kreti iliyojazwa kupita kiasi, mfuniko uliobanwa usiku wa joto. Ndiyo maana kifaa changu cha kwanza ni kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni mwa kila kreti. Juu yake naandika tarehe ya kuingiza mabuu, kilo za taka kila nilipolisha, na taka zenyewe zilikuwa za aina gani. Bila karatasi hiyo unabahatisha tu.

Haya yanamhusu anayefuga mabuu wa nzi askari mweusi (Hermetia illucens), ambaye wengine humwita nzi chuma, ili ageuze taka zinazooza kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Naanza na dalili, kisha vyanzo, kile kinachotokea mara nyingi kikitangulia. Ugonjwa sijauweka mbele, kwa makusudi. Buu huyu ni mgumu, na mara nyingi mgonjwa ni kreti, si yeye.

Kwanza, kreti yenye afya ikoje?

Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4 kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Wadogo hulelewa kitaluni kwa siku 5 hivi kwenye chakula laini (chakula cha vifaranga kilicholoweshwa kinafaa), kisha huhamishiwa kwenye taka, ambako hula kwa siku 12 hadi 14. Mwishoni huacha rangi yao ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, huwa weusi, huacha kula kabisa na kutafuta mahali pakavu penye giza. Pupa (buu aliyetulia ndani ya ganda akigeuka kuwa nzi) hukaa wiki 2 hadi 3, kisha nzi hutoka. Nzi huyo anafanana na nyigu lakini haumi wala hachomi. Maisha yake ya wiki moja hivi huyamaliza kwa kunywa maji, kupandana, kutaga na kufa.

Kipimo ninachoanzia ni kreti ya sentimita 60 kwa 40, mabuu 10,000 wa siku 5, na kilo 15 za taka mbichi zinazogawanywa mara 3: siku ya kuwaingiza, siku ya 5 na siku ya 8. Ukipiga hesabu kwa siku 12 ni miligramu 125 kwa buu kwa siku. Si msahafu, maana taka hazifanani, ila ukiwa na namba ya kuanzia utajua umezidisha au umepunguza.

Kupima unyevu, tumia mkono. Chota konzi ya taka ukamue. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, upo sawa. Yakitiririka, zimelowa mno. Lisipotoka hata tone na taka zikamwagika kama chenga, ni kavu mno. Kwa namba, unatafuta unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Kwa joto, chomeka kipimajoto katikati ya kreti, ndani ya kundi la mabuu. Kile cha ukutani kinakuambia hali yako wewe. Mabuu wakisongamana hutoa joto lao wenyewe, na katikati ya kreti panaweza kuuzidi chumba kwa nyuzi 10 au zaidi.

Mabuu wanatoroka

Swali la kwanza ni rangi yao. Weusi hawatoroki, wanahama. Wamekomaa na wamechoka na unyevu. Hapo umechelewa kuvuna, au hukuwawekea njia ya kutokea. Ubao uliolazwa kwa mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45, ukiishia kwenye ndoo yenye maranda makavu, utawafanya wajivune wenyewe.

Wakiwa bado weupe, kuna shida, na mara nyingi shida hiyo ni maji. Buu hupumua kwa vitundu vya mwilini, hivyo taka zikiwa kama uji mwepesi anakosa hewa na kupanda juu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: ukuta wa plastiki mkavu humshinda kupanda, lakini ukuta wenye ukungu wa maji ni ngazi kwake. Usiku mmoja wa mvua niliwahi kufunika kreti zote kwa karatasi za nailoni ili kuwazuia nzi wa nyumbani. Mvuke ukaganda chini ya nailoni, ukateremka kwenye kuta, na asubuhi mabuu walikuwa chini ya mlango, ndani ya ndoo, na kadhaa ndani ya kiatu changu. Chakula kilikuwa tele. Walichofuata ni hewa, na nailoni yangu iliyotoa maji ndiyo iliyowajengea barabara.

Tiba ni kuondoa mfuniko usiopitisha hewa na kuweka neti, kufuta kingo zikauke, na kuchanganya kitu kikavu: pumba, maranda, au, bora kuliko vyote, masalia yaliyochekechwa kwenye kreti iliyotangulia. Masalia hayo yananyonya maji na yamejaa vijidudu ambavyo mabuu wameshavizoea. Changanya kwa uma wa bustani taratibu, kuanzia chini. Ukimwaga maranda juu tu, utapata blanketi kavu juu ya tope lilelile.

Chanzo cha pili ni joto. Kipimajoto cha katikati kikikaribia nyuzi 40, mabuu wote hukimbia kwa pamoja, na kreti ukiigusa chini unaisikia ya moto. Sambaza: gawa kreti moja iwe mbili, na kina cha taka kisizidi sentimita 5 hivi. Feni inasaidia. Maji ya baridi hayasaidii; yanakurudisha kwenye shida ya kwanza.

Chanzo cha tatu ni njaa, nayo ina sura yake. Kilichobaki ni chembechembe nyeusi kavu, hakuna kipande cha chakula unachoweza kukitambua, na mabuu wanazurura juu mchana kweupe ilhali kwa kawaida wanaukwepa mwanga. Hapa, na hapa tu, ndipo unapoongeza chakula.

Kreti inanuka

Kreti yenye afya haina harufu ya waridi, lakini haikufukuzi. Inanukia udongo wenye maji, na kwa mbali amonia kidogo kuelekea siku za mwisho. Ikianza kukufukuza, pua itakuambia zaidi kuliko kipimo chochote, mradi uzitenganishe harufu.

Harufu ya yai viza au mtaro uliosimama maana yake chini hakuna hewa. Chimba kona moja hadi ugonge sakafu ya kreti. Utakuta tabaka jeusi linaloteleza, na hutaona buu hata mmoja ndani yake. Ulilisha juu ya chakula ambacho hakijaliwa, au ulijaza kina kikubwa kwa siku moja ukidhani unaokoa muda. Mabuu walikula kadiri ya uwezo wao karibu na juu, na kilichobaki kikaoza bila wao. Acha kulisha kwa siku mbili, inua tabaka la chini liende juu, tia kitu kikavu, na gawa kreti kama kina kimezidi. Siku inayofuata chimba kona nyingine. Mabuu wakiwa wamerudi chini, endelea na kipimo kidogo.

Amonia inayowasha macho ni habari nyingine. Taka zimezidi protini: nyama, samaki, mabaki ya jamii ya kunde, au kinyesi cha kuku peke yake. Chanzo hakipo kwenye maji, hivyo kukausha pekee hakutoshi. Changanya taka hizo na zenye wanga na sukari kama matunda, mboga na pumba, kabla hazijaingia kwenye kreti, na fungua madirisha. Amonia ikikaa ndani ya chumba kilichofungwa huwasumbua mabuu wadogo zaidi ya wakubwa, na wewe pia.

Harufu ya pombe au siki hutoka kwenye matunda yaliyokaa siku kadhaa ndani ya pipa lenye mfuniko. Mabuu wanaivumilia. Tandaza taka hizo nusu siku zipate hewa, basi.

Mafuta yana hila kwa sababu hayanuki mwanzoni. Mabaki yenye mafuta mengi hutanda kama utando juu ya taka na juu ya mabuu wenyewe, hewa haipiti, na siku ya tatu unapata yai viza ambalo hukulitegemea. Ukiona mabuu wanang'aa kama waliopakwa, punguza mafuta kwa kuyachanganya na taka kavu.

Wanakula lakini hawakui, au chakula kinabaki

Usikisie kwa macho. Hesabu mabuu 100 kutoka sehemu tofauti za kreti, waoshe, wakaushe kwa kitambaa, wapime. Wakati wa kuvuna, kwenye taka nzuri za jikoni, mabuu 100 hufika gramu 15 hadi 25. Wakiwa gramu 8, una tatizo. Wakiwa gramu 18 na bado unalalamika, pengine kilichokupotosha ni picha ulizoona za mabuu wanono.

Baridi ndiyo huongoza. Chini ya nyuzi 20 hivi kila kitu hupunguza mwendo, na kazi ya wiki 2 inakuwa ya mwezi au zaidi. Buu hafi haraka kwa baridi wala kwa njaa, anasubiri tu. Uvumilivu huo ndio unaomdanganya mfugaji, kwani anaona kreti ina uhai akadhani inafanya kazi.

Ikiwa joto lipo sawa, tazama taka zenyewe. Buu hana meno ya kutafuna. Anakwangua na kunyonya kilicholainika. Mashina, majani makavu, nyasi na makapi magumu humpita yakiwa vilevile, na sehemu ngumu kama ya mti hawezi kuimeng'enya. Katakata taka zote ziwe vipande vya sentimita 1 hadi 2. Usizisage hadi ziwe juisi, maana hewa itakosa pa kupita na utarudi kwenye sehemu ya harufu hapo juu. Tope la matunda matupu nalo lina kasoro yake: mabuu wanashiba maji na sukari, protini hawapati. Wachanganyie kitu chenye protini kidogo na utaona tofauti kwenye mzani ndani ya siku 4.

Kisha hesabu ya mabuu. Wengi huingiza "kiganja kimoja" cha wadogo, na viganja havilingani. Gramu 1 ya mayai ina mayai 35,000 hadi 40,000 hivi, kwa hiyo kosa dogo la mkono ni maelfu ya midomo. Ukiwa na mizani ya gramu, pima mayai. Kama huna, chukua sampuli ya wadogo kwa kijiko kimoja, hesabu mara moja kwa subira, na kijiko hicho kiwe kipimo chako daima.

Mabuu wakigeuka weusi wangali wadogo, ujue walilala njaa siku za nyuma wakaamua kukomaa hivyo hivyo. Kuwalisha sasa ni bure, midomo yao imeshafungwa. Wavune kama chakula cha mifugo, usiwaache wawe wazazi: buu mdogo huwa nzi mdogo, na nzi mdogo hutaga mayai machache.

Wamekufa wengi kwa mpigo

Joto kwanza, daima. Mizoga ikiwa imelundikana katikati na walio hai wapo pembezoni, waliungua.

Mizoga ikiwa imetapakaa kote, fikiria sumu. Nimewahi kupoteza kreti nzima kwa maranda niliyopewa bure; mbao zake zilikuwa zimepakwa dawa ya kuzuia wadudu, na mimi nikawapa wadudu. Samadi ya wanyama waliopewa dawa ya minyoo ya ivermectin huua mabuu pia. Kinyesi cha kuku waliolishwa cyromazine ni vilevile, kwani dawa hiyo imetengenezwa mahsusi kuzuia funza wa nzi. Mboga na matunda yaliyopuliziwa karibuni ni hatari hiyohiyo.

Kinga ni mkebe. Kila taka mpya ninayoletewa, kabla haijakaribia kreti, naiweka kidogo kwenye mkebe pamoja na mabuu 100 na kuiacha saa 48. Wakiendelea kujichimbia ndani, inaingia. Wakining'inia juu au wakilegea, inarudi ilikotoka. Mkebe lakini hautakuonyesha metali nzito. Kadmiamu haimuui buu, inajilimbikiza mwilini mwake, na kutoka hapo inaingia kwa kuku au samaki. Tope la viwandani usilitumie hata mabuu wakilipenda.

Ugonjwa wa kweli upo, ingawa ni adimu. Mabuu hulegea, hugeuka kahawia, na ukimbinya mmoja ndani ni ute unaonuka. Ukiona hivyo, tenga kreti hiyo, usitoe wazazi humo, choma au fukia kilichomo, osha na anika kreti juani hadi ikauke kabisa. Uma ulioutumia humo usiupeleke kwenye kreti nyingine.

Wageni wasioalikwa

Funza wa nzi wa nyumbani wamechongoka upande mmoja, ni weupe, laini na wepesi. Buu wako ni bapa, ana pingili zinazoonekana wazi, ngozi ngumu, na kichwa kidogo cheusi. Ukiwaona wale waliochongoka, taka zilikaa wazi kabla ya kuingia, au mabuu wako ni wachache kwa eneo hilo. Kreti iliyojaa mabuu wa kutosha huwafukuza nzi wa nyumbani wasitage. Kwa hiyo funika pipa la taka, tandaza masalia makavu kidogo juu ya chakula kipya, na ongeza idadi ya mabuu. Dawa ya kuua nzi usiifikirie.

Utitiri, vile vidoa vinavyotembea kwenye kingo na juu ya pupa, hufuata unyevu na pumba zilizobaki kitaluni. Kausha, safisha, wataondoka.

Sisimizi ndio wenye hasara kubwa, kwa sababu wanakuja kwa mayai. Miguu ya meza ya mayai isimame ndani ya makopo ya maji yenye tone la sabuni. Kisha zunguka meza mara moja ukitafuta daraja: ncha ya neti inayogusa ukuta, kamba ya taa, jani lililoangukia kopo. Makopo manne na kamba moja ni sawa na kutokuwa na kopo lolote.

Pupa wakiwa na kitundu cha duara, safi kama kilichotobolewa kwa sindano nene, na ndani ni watupu, usidhani nzi walitoka. Nzi akitoka hupasua ganda kichwani. Kitundu cha duara ni cha nyigu kimelea aliyekulia ndani ya pupa wako. Huko Afrika Magharibi mmoja wao, Dirhinus giffardii, ameshawahi kuandikwa kwenye mashamba ya nzi hawa. Weka pupa kwenye sanduku lenye neti yenye matundu madogo sana, na waliotobolewa watoe nje, pamoja na ambao bado unawashuku. Panya na mijusi hawahitaji maelezo. Weka waya.

Nzi wamejaa kizimbani, mayai hakuna

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na karibu kila mara jibu ni mwanga. Nzi hawa hupandana kwenye mwanga mkali wa mchana. Ukiwaweka ndani ya chumba chenye taa za kawaida wataishi, watatembea, watakufa, bila yai moja la maana. Sogeza kizimba kipigwe na jua la asubuhi kwa saa mbili tatu. Ikiwa huna jua, itabidi taa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, si balbu ya sebuleni.

Mwanga ukiwepo, tazama joto (nyuzi 25 hadi 32), kisha wingi. Nzi 50 kwenye kizimba cha mita mbili hawaonani. Ni afadhali kizimba kidogo kilichojaa. Weka pupa wa umri mmoja kwa pamoja ili nzi watoke karibu siku zilezile. Wakitoka watano watano, wa Jumatatu watakufa kabla wa Ijumaa hawajafika. Nyunyizia maji neti asubuhi na jioni, kama umande, si mvua.

Je, wanapandana lakini mtego wa mayai ni mtupu? Tafuta mayai kwingine kabla ya kusema hayapo. Jike hataki kutaga kwenye chakula chenyewe. Anatafuta ufa mkavu ulio karibu na harufu ya uozo. Vibao viwili vitatu vilivyofungwa pamoja, vikiachiwa nafasi ya milimita 1 hadi 2, vikalazwa juu ya chombo cha chambo chenye harufu, kwenye kivuli, ndiyo nyumba anayoitaka. Nafasi ikiwa pana mno atatafuta pembe ya neti. Chambo kikikauka atafuata harufu nyingine, na harufu hiyo mara nyingi ni mizoga ya nzi wenzake sakafuni. Nilifagia kizimba baada ya wiki mbili za kulalamika nikakuta mayai yote yako kwenye rundo la waliokufa. Siku hizi nafagia kila siku ya pili.

Jike hutaga mara moja tu, mayai mamia, mara nyingi yapata 500. Ukiona kundi la mayai linapungua kizazi baada ya kizazi ilhali mwanga, joto na chakula havijabadilika, damu imekaribiana mno. Tega chambo nje, kusanya mayai ya nzi wa porini, walee pembeni kizazi kimoja ukiwachunguza kwa vimelea, kisha wachanganye.

Mayai hayaanguliwi

Chukua kioo cha kukuzia. Yai bichi ni rangi ya krimu. Kufikia siku ya tatu yai lenye uhai limekuwa la manjano iliyokolea na ndani unaona vidoa viwili vya macho. Hakuna macho? Halikurutubishwa, maana majike wasiopandwa nao hutaga. Rudi kwenye suala la mwanga. Yamenywea kama zabibu kavu? Hewa ilikuwa kavu. Unyevu wa hewa ushikilie kwenye asilimia 60 hadi 70. Yameota kuvu? Uliyalowesha. Maganda yapo matupu lakini mabuu hawapo? Walianguliwa, wakaanguka, na chini hapakuwa na chakula. Chombo cha chakula kikae chini ya mayai moja kwa moja, na mayai yasiguse chakula.

Wakati wa kuvuna: chekeche limeziba

Tope halichekecheki. Mlisho wa mwisho uwe siku kadhaa kabla ya kuvuna, na siku mbili za mwisho puliza feni na kuchanganya pumba kavu. Chekeche la matundu ya milimita 3 hadi 5 linatosha. Kama mambo yameshaharibika na lazima uvune leo, tandaza kreti mahali penye mwanga mkali. Mabuu watajichimbia chini. Paruza tabaka la juu, subiri dakika chache washuke tena, paruza tena, hadi ubaki na zulia la mabuu. Ni polepole lakini hakuna anayekatika.

Waliokaushwa wamekuwa weusi, au wamechacha

Weusi huo ni wa kifo cha polepole. Buu anayekufa juani hugeuka mweusi kwa vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe. Mtumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1 hadi 2, mchuje, kisha mkaushe, atabaki na rangi ya dhahabu. Unyevu ushuke chini ya asilimia 10. Buu aliyekauka anavunjika kwa mlio, hapindi. Akipinda, kuvu wanakuja.

Kuchacha kunatokana na mafuta, ambayo ni karibu theluthi ya uzito wake mkavu. Weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, gizani, mahali pa baridi, au kamua mafuta uyatumie peke yake. Kuku wakianza kuharisha, ulianza na kipimo kikubwa, kwani protini ya asilimia 40 hivi haifanyi mabuu kuwa chakula kamili. Mabuu waliolelewa kwenye samadi usiwape mifugo wakiwa wabichi. Angalia pia sheria ya mahali ulipo kabla ya kuuza: Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017, na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, lakini wadudu wenyewe bado hawaruhusiwi kulishwa samadi wala mabaki ya jikoni.

Mbolea imeunguza miche

Masalia yaliyotoka kwenye kreti leo si mbolea iliyoiva. Siku 12 hazitoshi. Bado yana amonia nyingi na yanaendelea kuchemka. Yarundike, yawe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa, geuza kila wiki, lipe lundo mwezi mmoja au hadi joto lake la ndani lilingane na la hewa. Ikiwa taka zilikuwa samadi au kinyesi cha binadamu, kumbuka kwamba mabuu hupunguza bakteria kama Salmonella lakini mayai ya minyoo huyapita salama; mbolea hiyo ipitishwe kwenye joto la nyuzi 70 kwa saa nzima, au isikaribie mboga zinazoliwa mbichi.

Kabla ya kuipeleka shambani, otesha mbegu 20 kwenye udongo mtupu na 20 kwenye udongo uliochanganywa sehemu nne kwa moja ya mbolea. Chagua mbegu zinazoota haraka. Siku ya tano zing'oe zote, uzilaze kwenye karatasi nyeupe, safu mbili. Safu ya mbolea ikiwa na mizizi mifupi yenye ncha za kahawia, lundo likae wiki mbili zaidi, kisha rudia na mbegu mpya.